Dakika za Njiani

Mshahara wa mhudumu wa majumbani nchini Uingereza haupunjwi kwa siku wala kwa saa. Unapunjwa kwa dakika, tena zile dakika ambazo mwenyewe yuko barabarani, mvua inamnyeshea, anakimbia kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine. Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi hiyo nimeifanya miaka mingi kaskazini-magharibi mwa London. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa pia mwakilishi wa wenzangu katika chama cha wafanyakazi. Nikiulizwa nimejifunza nini, huanza na rota, yaani ratiba ya ziara za zamu, maana kila kitu kilianzia pale.

Mwaka 2014 rota ilikuwa inaingia kwenye simu usiku wa kuamkia zamu. Saa moja kamili hadi saa moja na nusu asubuhi: bwana aliyepooza upande mmoja, aamshwe, aogeshwe, avalishwe, apewe dawa na chai. Saa moja na nusu hadi saa mbili kasorobo: bibi mwenye kisukari, apimwe, apewe kifungua kinywa. Kwa rota, ziara ya kwanza inakwisha dakika ileile ambayo ya pili inaanza. Lakini kati ya nyumba hizo mbili kuna basi, kuna kilima, kuna ngazi za ghorofa nne kwa sababu lifti imeharibika. Ukiingia kwa mzee unapiga namba ya bure kwa simu yake ya mezani, ukitoka unapiga tena, na kompyuta ya ofisini inajumlisha muda uliokuwa ndani. Ule wa nje hauhesabiwi na mtu yeyote.

Tuchukue siku ya kawaida. Saa 8 ndani ya nyumba za watu, kwa pauni 7 kila saa, ni pauni 56. Kima cha chini cha mshahara kisheria, kuanzia Oktoba mwaka ule, kilikuwa pauni 6.50, kwa hiyo ukisoma mkataba unaona unalipwa zaidi ya sheria. Ongeza sasa saa 1 na dakika 45 za kutembea na kusubiri basi kati ya nyumba na nyumba. Saa za kazi zimekuwa 9 na dakika 45. Gawanya pauni 56 kwa saa hizo, unabaki na pauni 5.74. Tayari uko chini ya sheria. Kwa siku hiyo moja umepunjwa zaidi ya pauni 7, na kwa wiki ya siku tano karibu pauni 37. Kwa mama anayelipa chumba London na kutuma ada ya shule Korogwe, hizo ni pesa za chakula cha wiki.

Na sheria haikuwa kimya. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya kazi iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na mhudumu kama sisi, kwamba muda wa kusafiri kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine ni muda wa kazi, na lazima uingie kwenye hesabu ya kima cha chini. Safari ya asubuhi kutoka kwako haimo. Pengo refu la mchana, ambalo unaweza kurudi nyumbani ukalala, nalo halimo. Dakika za kati ya nyumba na nyumba zimo. Katika kampuni yetu hakuna hata mmoja aliyekuwa amelipwa dakika hizo.

Kwa nini tulikaa kimya? Kulikuwa na hofu, na nitaifikia, lakini kabla ya hofu kulikuwa na aibu. Rota ile ilipangwa kiasi kwamba kila mtu lazima achelewe, na kwa kuwa kila mtu alikuwa peke yake njiani, kila mmoja alidhani anayechelewa ni yeye tu. Mratibu akikupigia saa tatu asubuhi kukuuliza mbona hujafika, humwambii kwamba rota yake haiwezekani. Unasema samahani. Dada mmoja wa Bujumbura, tuliyekuwa tukikutana kituo cha basi, alizoea kumpunguzia kila mzee dakika chache ili awahi kwa mwingine, na usiku dhamiri ikimsuta. Mama mmoja wa Kijamaika, mwenye umri wa mama yangu mzazi, alikuwa hali chakula cha mchana. Mwingine alimlipa kijana wake petroli ili amzungushe kwa gari. Walikuwa wafanyakazi hodari, na wote walikuwa wanaficha kutoka kwa wenzao jambo lilelile.

Aliyenifumbua macho ni mzee niliyekuwa namhudumia, mama wa Kigujarati mzaliwa wa Mwanza, aliyekuja Uingereza na mumewe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na sokoni, cha haraka. Siku ya kwanza aliposikia lafudhi yangu aliniambia Kiingereza nikiache mlangoni pamoja na viatu. Mimi nikamwita Bibi, yeye akaniita mwanangu. Asubuhi moja nilikuwa namchana nywele huku nikimweleza kwamba ofisini wananilaumu naenda polepole.

"Na yule kijana wetu walimfukuza kwa kwenda polepole," alisema. "Grunwick."

Grunwick kilikuwa kiwanda cha kusafisha picha, upande wa Willesden. Watu walikuwa wakituma filamu zao kwa posta na kurudishiwa picha kwa posta, na waliofungua bahasha na kupanga picha hizo wengi wao walikuwa wanawake wa Kihindi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Walilazimishwa kufanya saa za ziada kwa taarifa ya papo kwa papo, na ilibidi waombe ruhusa kwenda chooni. Tarehe 20 Agosti 1976 kijana Devshi Bhudia alifukuzwa kwa kudaiwa kufanya kazi polepole. Siku hiyohiyo Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyekuwa ameishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza, alikataa kubakizwa kazini baada ya saa zake na akatoka pamoja na mwanawe. Waliowafuata walizidi 130. Hawakuwa hata na chama. Walikitafuta wakiwa tayari wako nje ya geti.

Wale wanawake waliovaa sari kwenye baridi walisimama pale karibu miaka miwili. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walikataa kushughulikia barua za kiwanda kile. Mwaka 1977 wachimba makaa ya mawe walikuja kutoka Yorkshire kusimama nao, na tarehe 11 Julai mwaka huo maelfu kwa maelfu ya watu waliandamana. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Scarman ilipendekeza warudishwe kazini. Mwenye kiwanda alikataa. Julai 1978 mgomo ulikwisha, na kazi zao hawakurudishiwa.

Nilidhani Bibi alikuwa mmoja wao, nikamuuliza alisimama geti lipi. "Mimi sikutoka, mwanangu. Nilikuwa ndani." Kila asubuhi alipita katikati ya kelele zile akiwa kwenye basi la kampuni. Walikuwa na deni la nyumba, mumewe hana kazi, na kuna wakwe nyumbani. Halafu akasema neno ambalo limenikaa hadi leo: wao walipokuwa nje, sisi wa ndani tukaongezewa mshahara; ile nyongeza ilikuwa yao. Alilisema bila kujitetea na bila kujishutumu, kama mtu anayetaja deni na kiasi chake.

Nililitafakari sana. Historia ya mapambano ya wafanyakazi Uingereza huelezwa kwa upande wa waliosimama nje: wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bow mwaka 1888, wanawake washonaji viti vya magari wa Ford kule Dagenham mwaka 1968, ambao mgomo wao uliandaa njia ya Sheria ya Malipo Sawa ya 1970. Ni sawa waimbwe. Lakini mwakilishi wa chama anaamka kila siku na watu waliobaki ndani, na kazi yake karibu yote ni kwao. Tangu siku ile sijamhesabu mtu asiyesaini kuwa adui. Huuliza ana deni gani na nani anamtegemea, kisha hurudi baada ya mwezi.

Tulianza na karatasi. Haikuwa na neno mgomo wala neno haki. Ilikuwa na safu tu: nimetoka kwa mzee saa ngapi, nimefika kwa mwingine saa ngapi, nimepanda basi gani. Tuliomba kila mmoja aijaze wiki mbili. Wengi waliokataa kujiunga na chama walikubali kujaza karatasi, maana kuandika saa si kosa. Tulipokutana Jumapili moja jioni katika ukumbi tulioazimwa na kanisa, tukajumlisha mbele ya watu, moja baada ya nyingine, rota pembeni na hati ya mshahara pembeni. Yule mama wa Kijamaika alisimama akasema kumbe si uzee. Nadhani kampeni yetu ilianza pale hasa, wala si siku tuliyoandika barua kwa mwajiri. Mtu akishaona kwamba hesabu ya mwenzake inalingana na yake, aibu inahama kutoka kwake inakwenda kwa aliyepanga rota.

Sasa hofu. Wengi wetu tulikuwa wahamiaji, na kila mhamiaji London aliyefanya kazi za usafi au za wazee alikuwa amesikia yaliyotokea SOAS, kile chuo ambacho Waingereza wengi wamejifunzia Kiswahili. Wasafishaji wa pale, wengi wao kutoka Amerika ya Kusini, walipigania na mwaka 2008 wakapata mshahara wa kuishi wa London, kiwango kilicho juu ya kima cha chini cha kisheria, na chama chao kutambuliwa. Tarehe 12 Juni 2009 waliitwa asubuhi na mapema kwenye mkutano wa kikazi na kampuni iliyowaajiri. Maofisa wa uhamiaji walikuwa wanawasubiri. Watu 9 walikamatwa, na baadhi wakarudishwa makwao. Wanafunzi waliingia ofisi za uongozi wa chuo wakakaa humo kupinga, na kampeni haikufa. Mwaka 2017 chuo kilikubali kuwaajiri wasafishaji moja kwa moja, bila mkandarasi. Lakini waliochukuliwa siku ile hawakuwepo kuyaona hayo. Kwa hiyo dada wa Bujumbura aliponiambia, "Dada, mimi karatasi zangu ni safi, lakini mume wangu bado anasubiri jibu," sikumwambia asiogope. Tulikubaliana jina lake lisiwe juu ya barua yoyote, naye akawa mtu wa kujumlisha hesabu. Alikuwa mhasibu kwao, na hakuna aliyewahi kumpata na kosa.

Mahakamani palikuwa na ukuta mwingine. Kuanzia Julai 2013 serikali iliweka ada za kufungua kesi katika mahakama za kazi. Kwa madai ya mshahara usiolipwa, ada zote hadi kusikilizwa zilikuwa pauni 390. Kwa kufukuzwa isivyo halali au ubaguzi, pauni 1,200. Mtu anayepunjwa pauni 37 kwa wiki atatoa wapi 390? Kesi zilipungua kwa zaidi ya nusu, na waajiri walijua. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kilizipinga ada hizo, kikashindwa, kikakata rufaa, kikashindwa tena. Tarehe 26 Julai 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ada zile zilikuwa haramu tangu siku ya kwanza, kwa sababu haki ambayo mtu hawezi kuifikia mahakamani haimsaidii. Waliolipa wakarudishiwa. Siku ile nilikuwa zamu, nikasoma habari kwenye simu ndani ya basi nikalia mbele za watu. Nilikuwa nimewaona wengi walioacha madai yao kwa sababu ya zile pauni 390.

Lakini sisi tulikuwa tumelazimika kupita njia nyingine kabla ya hapo. Kampuni ilipopokea malalamiko yetu ya pamoja ilijibu kwamba halmashauri haiilipi vya kutosha. Wengi walidhani hicho ni kisingizio tu. Mimi nadhani kilikuwa kisingizio chenye ukweli ndani yake, na ukweli huo ulitufaa. Huduma za wazee majumbani England kwa sehemu kubwa zinalipiwa na halmashauri, lakini zinafanywa na kampuni binafsi zinazoshindana kwa zabuni. Anayetaja bei ndogo ndiye anayepata, na bei hiyo inashuka ngazi kwa ngazi hadi inatua kwenye miguu ya mhudumu. Mwaka 2012 UNISON ilikuwa imetoa hati ya maadili ya huduma za wazee ikizitaka halmashauri zisinunue huduma kwa kampuni zisizolipa muda wa njiani, zisiagize ziara za dakika 15, na zihakikishe mshahara wa kuishi. Kulikuwa na halmashauri za London zilizokwisha kuitia saini. Tukaenda kwa madiwani na karatasi zetu.

Aliyesema vizuri kuliko sote katika mkutano ule hakuwa mfanyakazi. Alikuwa binti wa mzee mmoja tuliyemhudumia. Aliwauliza madiwani kama wangependa baba zao waogeshwe na mtu ambaye tayari amechelewa kwa baba wa mwingine. Hapo nilielewa kwamba muda wetu na heshima ya wazee ni kitu kimoja, na tangu hapo hatujaenda popote bila familia zao.

Katika miaka hiyo nilihudhuria pia mikutano ya kampeni ya mshahara wa kuishi, ile iliyoanzishwa mwaka 2001 na makanisa, misikiti, shule na vyama vya London Mashariki. Naiheshimu mno. Ndiyo iliyowafanya wakubwa wa benki za Canary Wharf wamsikilize msafishaji wa ofisi zao, na mwishoni mwa 2014 kiwango chake kwa London kilikuwa pauni 9.15, mbali sana juu ya sheria. Lakini huwaambia wenzangu wasiridhike na kiwango peke yake. Mwajiri akitangaza pauni 9.15 kisha akalipa saa 8 za ndani tu kati ya zile 9 na dakika 45, kila saa halisi inabaki pauni 7.51. Kwanza uliza saa zinahesabiwaje, ndipo uulize kiasi.

Tulipata nini? Kampuni ilianza kuandika muda wa njiani kwenye hati ya mshahara, kwenye mstari wake, ukilipwa. Malimbikizo yalilipwa kwa miezi kadhaa ya nyuma, si yote. Ziara za dakika 15 zilipunguzwa lakini hazikwisha. Mikataba ya saa sifuri, isiyomhakikishia mtu saa yoyote ya kazi, ilibaki kwa wengi, na kwa mikataba hiyo mtu anayesema sana anaweza kuona rota yake inapungua wiki hadi wiki bila kufukuzwa na mtu. Bibi alifariki kabla malimbikizo hayajalipwa.

Kisha halmashauri ikatangaza zabuni upya, kazi ikaenda kwa kampuni nyingine, na sisi tukahamishwa pamoja nayo. Sheria inalinda masharti ya mkataba mtu anapohamishwa hivyo. Wale ambao muda wa njiani ulikuwa umeandikwa ndani ya mikataba yao walihama nao. Wale waliokuwa wamepewa kwa tangazo la ofisini tu waliambiwa kwamba huo ulikuwa utaratibu wa kampuni ya zamani, na mapambano yakaanza upya. Kwa hiyo leo mwajiri akikubali jambo, siondoki mezani mpaka nione limeingia kwenye mkataba wa kila mtu.

Tangu Februari 2022, Uingereza ilipofungua viza ya kazi kwa wahudumu wa wazee, simu zangu nyingi huja kwa Kiswahili: Wakenya, Watanzania, Waganda. Hali yao ni ngumu kuliko yetu ilivyokuwa. Viza imefungwa kwa mwajiri mmoja anayewadhamini. Kazi ikikatika, au kampuni ikinyang'anywa leseni ya udhamini, kama ilivyotokea kwa mamia ya kampuni, mtu kwa kawaida ana siku 60 tu za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Kuanzia Machi 2024 waliokuja kwa viza hiyo hawakuruhusiwa kuja na mume, mke wala watoto, na Julai 2025 mlango ulifungwa kabisa kwa wahudumu wapya kutoka nje. Wengi walilipa mawakala pesa nyingi, walikopa, waliuza viwanja. Mtu wa namna hiyo utamwambia agome?

Simwambii. Ninamwomba picha ya rota na hati ya mshahara, na ninamkumbusha kwamba madai ya mshahara yana kikomo cha muda, hivyo asikae akisubiri bosi abadilike. Kinachodaiwa na chama changu sasa ni udhamini utolewe mikononi mwa mwajiri na uwekwe chini ya chombo cha sekta nzima, ili mtu aweze kuhama kutoka kwa mwajiri mbaya bila kupoteza nchi. Mimi naona bila hilo hesabu zote za dakika zitakwama, kwa sababu anayezijua dakika zake hatathubutu kuzitaja.

Juzi kijana mmoja wa Kitale, anayehudumu usiku katika mji ulio mbali na London, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Dada, nikijaza hii fomu ya chama, jina langu litafika kwa nani?" Nikamweleza: kwa ofisi ya chama ya mkoa wako, na kwa mwakilishi wako endapo utakubali. Mwajiri hapewi, na kukufukuza kwa sababu ya uanachama ni kosa kisheria. Akauliza kama sheria hiyo inazuia kufutiwa viza. Nikamjibu kwamba haizuii. Alisema atazungumza na mkewe, yuko Kitale na watoto, halafu atanipigia.

Rota zake ameshanitumia.